Darubini ya Bunduki ya Baba

Kaka yangu,

Huku tu wazima, na paka kazaa tena kwenye kapu lako la nguo. Baba bado anahangaika na bunduki yake ya zamani. Fundi alishaifunga darubini vizuri, ila Baba anashikilia kwamba imepinda, ndiyo maana anawakosa nguruwe wanaotumalizia mahindi.

Kila asubuhi anaibana bunduki mezani, ananiita nichungulie.

"Imenyooka, mwanangu?"

Alama ya ndani ya darubini imetua katikati ya msumari wa ukutani anaoulenga.

"Bado kidogo, Baba."

"Si nilisema!" Anapapasa meza akitafuta bisibisi iliyo mbele yake, kisha anaipinda darubini kweli. Akilala mchana, nainyoosha.

Nikisema imenyooka, atajua ni macho yake. Njoo umwambie wewe, mimi nimeshindwa. Jana kaniuliza nani kaung'oa msumari, nao upo palepale ukutani.

Dada yako