Boriti ya Mzee Katana

Malindi, Jumanne, Juni 1984

Mara moja tu. Nilizidisha mara moja tu.

Jedwali la boriti ile ya chuma ya Kiingereza hutaja ukinzani wake wa kupinda kwa inchi za kipeo cha nne. Kuugeuza uwe wa sentimita, unauzidisha kwa 2.54 mara nne. Mimi nikazidisha mara moja, nikaona chuma ni dhaifu, nikaridhika na hesabu yangu.

Kisha asubuhi ya leo nikasimama Kakuyuni, mimi mhandisi wao, mbele ya watu wote wa harambee, nikamwambia Mzee Katana kwamba boriti aliyoitoa ibebe tangi la maji la zahanati haifai. Boriti aliyokuwa ameiweka akiba kwa ajili ya nyumba yake mwenyewe. Vijana walioileta mabegani wakaitua pale pale.

Jioni hii nimepiga hesabu upya. Ingebeba matangi mawili.

Kesho nitarudi niseme mbele ya wale wale. Kukosea hesabu naweza kukiri. Kinachonichoma ni kwamba mzee yule, makamo ya babangu, alinishika mkono akasema, "Niwie radhi, mwanangu, nimekupotezea wakati."

Nami nikamjibu, "Si neno, mzee. Nimekusamehe."