Uji wa Mama Haukumuua Husseini

Papa Hassani,

Ndugu yako amepita hapa Kamembe na maneno yako: Ijumaa unakuja kumchukua Hassani, akakae kwako Muganza, mbali na "nyumba ya karuho". Karuho! Sumu ambayo kila muntu anaitaja na hakuna aliyewahi kuiona. Nimempa ndugu yako chai, jibu sikumpa. Jibu ni hili, naliandika kwa sababu kwenye simu unanikatia.

Nakumbuka ulivyowatengenezea mapacha wetu kitanda. Ulipiga randa, kisha ukalaza shavu lako juu ya mbao kutafuta kibanzi. "Batoto bangu habatachomwa na kitu," ulisema. Ukawalaza chini ya chandarua kimoja. Asubuhi ukamwita Hassani kwa jina la Husseini, wakacheka mpaka wakaanguka: "Papa hajue batoto bake!" Nilikupenda sana siku zile. Ndiyo maana hasira yangu ni kubwa hivi.

Homa iliwashika pamoja. Mjumbe wa afya akawatoboa vidole, wote wawili malaria, akawapa dawa. Kesho yake Hassani alikuwa anadai mpira. Husseini akakaza meno, macho yakageuka. Nikasema twende santé, kituo cha afya, sasa hivi. Wewe ukaziba mlango.

"Batoto bawili, chandarua moja, mbu ni ile ile. Kama ni malaria, mbona haikushika bote sawa? Huyu bamemulisha kitu."

Na shangazi yako huko uani: "Si jana alikunywa uji kwa koko yake?"

Koko yake ni mama yangu mzazi. Basi, ikaisha hivyo. Mkampandisha pikipiki hadi Gitambi, kwa mzee wa kutapisha. Mtoto asiyeweza kumeza mate yake, mkamnywesha majani atapike sumu. Mlipomfikisha hospitali jua lilikuwa linashuka. Hakufungua macho tena.

Sasa nisikilize. Hassani naye alikunywa uji ule, sufuria moja, kijiko kimoja. Kwako mbu hawezi kuchagua mtoto, ila uji unaweza?

Lakini swali lako lilinila na mimi, sikufichi. Nikalipeleka kwa daktari aliyempokea Husseini. Sikutegemea atalijibu. Akavuta kiti. "Maman, ni swali zuri. Hata watafiti linawahangaisha."

Akaniambia kimelea cha malaria kina jeni, yaani maagizo yaliyoandikwa ndani yake. Baadhi yake ni ya kutengeneza kitu cha kunatia, anachokiweka juu ya chembe ya damu anamojificha. Hayafungui yote. Anafungua moja, mengine yanalala, na anaweza kubadilisha. Kuna aina inayonata kwenye mishipa midogo ya ubongo. Damu inaziba, mtoto anakaza meno na kupoteza fahamu. Katika damu ya watoto waliozidiwa, aina hizo zinakutwa zimefunguliwa zaidi. Huenda kwa Hassani lilifunguliwa jingine, au mwili wake ulishalizoea. Bado hawajui yote, alikiri. Ila alisema, "Kulala pamoja si kuugua pamoja."

Nikamuuliza kama Husseini angepona iwapo tungekuja asubuhi. Akasema hawezi kuniapia.

Kwa hiyo sikuambii kwamba ulimuua mtoto. Nakuambia mama yangu hakumuua. Na wewe ulimbandika jina la mlisha karuho, ukaenda nalo hadi Muganza, ukilirudia kwa kila mteja wa useremala wako. Kisimani wanamkwepa kama mwenye ugonjwa wa kuambukiza. Mwanamke aliyewakata vitovu watoto wako mwenyewe!

Unajua anafanyaje siku hizi? Anamimina uji, anaonja kwanza yeye, anaonyesha kikombe, ndipo anampa mjukuu wake. Kama wafanyavyo kwenye pombe ya wageni wasioaminiana. Nilimkataza. Akasema, "Acha, binti yangu, wasije wakasema tena."

Na Hassani ameshajifunza. Juzi nilimpa maji, maji tu, akakishika kikombe na kuniangalia. Nikamwambia kunywa, baba. Hakunywa. Alikuwa anangoja nionje. Mimi niliyemzaa.

Mtoto huyo unataka kumpeleka wapi? Na homa ikimshika tena, utamkimbiza wapi kwanza? Kwa watoto wangu sitabishana mlangoni mara ya pili.

Njoo Ijumaa baada ya swala, sikukatazi. Lakini hutapita kwangu kwanza. Utaingia kwa mama, utakaa kwenye mkeka, atakumiminia uji, na akitaka kuonja utamshika mkono. Utakunywa wote, Hassani akiwa amekaa mbele yako anakutazama. Usipoweza hilo, geuza pikipiki.

Mwenyezi Mungu akupe moyo wa kumeza.

Mimi, mama wa Hassani na Husseini, wote wawili