Shangazi Anayemsemea Kaka Kliniki

Mpendwa mshauri, naomba msaada.

Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha pili na kaka yangu ni fundi cherehani, ambaye tangu mwaka jana husikia sauti ikimwambia kwamba nguo anazoshona zitawaunguza wateja, basi huzifumua zote, na daktari amempa dawa anazomeza vizuri, akampangia pia mazungumzo na mtaalamu kila Alhamisi, nami nilifurahi kwa kuwa shuleni tulifundishwa kwamba dawa na mazungumzo husaidiana, lakini shangazi huingia naye chumbani kwa mtaalamu akamsemea saa nzima, yaani kaka akiulizwa, "Umelalaje?" shangazi hujibu, "Amelala vizuri, mwanangu, ila mimi goti limenikesha," na sasa ni mara ya nne, mtaalamu analijua goti kuliko anavyomjua kaka. Nilipomwomba amwache aseme mwenyewe, alinijibu, "We mtoto, huyu aseme nini? Atatuaibisha." Baba anasema maneno hayatibu, eti yangetibu dada yake angeshafungua hospitali. Alhamisi ijayo mtaalamu ataamua kama nafasi ya kaka apewe mwingine, maana hajatamka neno. Jana, kaka akipinda upindo wa sketi yangu, aliniambia, "Mdogo wangu, nikipata wa kunisikiliza nitamweleza yote." Je, nikimzuia shangazi nitakuwa nimekosa adabu?

Binti yangu,

Mpe shangazi hongera zangu. Si kila mtu hutibiwa goti kwa ugonjwa wa mwenzake. Na baba, anayedai maneno hayana nguvu, aangalie ya dada yake yalivyomnyamazisha kijana mara nne.

Wewe nawe unaniandikia mimi na kaka yuko chumba cha pili. Muulize kama anataka kuingia peke yake. Akikubali, aandike hivyo na mengine mawili matatu, ampe mtaalamu kikaratasi mlangoni, kabla shangazi hajavuta kiti. Kumwomba shangazi asubiri nje ni kazi ya mtaalamu, si yako. Kisha ombeni siku ya familia nzima, maana nanyi ni wanafunzi: sauti ikimjia msimcheke, msibishane naye, wala msijifanye mnaisikia. Muulizeni inamtishaje na nini humtuliza. Dawa asiache. Sauti ikimwamuru ajidhuru, msingoje Alhamisi. Mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo.

Kuhusu adabu, umefundishwa kuwaheshimu wakubwa zako. Kaka yako ni mkubwa wako pia.