Ipige taratibu

Shoga, shemeji yako amekaa chini uani, kando ya lile trekta la marehemu baba yake.

Si unajua pistoni ilivyoganda kwa kutu? Tangu mwaka jana anaimwagia mafuta, anangoja iachie. Leo akiwa kazini akampigia simu kaka yake: "Ile injini ipige kidogo, taratibu, tuone kama itazunguka."

Ipige. Yaani azungushe handeli ya kuwashia.

Kaka mtu akachukua nyundo.

Nyundo, shoga. Silinda imepasuka juu hadi chini, na matrekta ya aina ile hayatengenezwi tena. Hakuna pa kupata nyingine.

"Si ulisema nipige?" anajitetea. "Na nilianza taratibu, mdogo wangu."

Shemeji yako akapitisha kidole kwenye ufa. "Ni kweli, nilisema upige." Basi, hakumlaumu.

Mama yao haoni tena, alitaka tu kulisikia likinguruma kabla hajafa. Akauliza kutoka chumbani, "Limewaka?"

"Bado, mama," shemeji yako akamjibu.

Bado, shoga. Amemwambia bado.