Sikio la Mtoto Wetu

Malaba, Jumapili

Mpenzi Derrick,

Natumai Juba inakutunza. Huku mvua imeharibu barabara ya Adungosi, na mama anakusalimu. Mimi nimejiunga na darasa la ufinyanzi, kila Jumamosi. Mwalimu wetu ni mama mcheshi anayeitwa Aluka. Chungu changu cha kwanza kilipopinda alisema, “Dada, hiki hata kuku atakataa kukinywea maji.”

Kisha nikafinyanga kichwa cha mtoto wetu, na uso wake. Ulipouliza kwenye simu alifanana na nani, nilikata. Ni mimi tu niliyemshika kabla hajazikwa, na nilitaka ukirudi Krismasi umwone.

Aluka alinipa waya wa kukatia udongo. “Kata kichwa katikati, toa udongo wa ndani, kisha ukiunganishe. Kikiingia motoni kimejaa hivi, kitapasuka.”

“Simkati, mwalimu.”

“Amuge, huu ni udongo.”

Aliniachia waya akaenda kuwasaidia wengine. Aliporudi nilimwambia nimeshakata. Nilidanganya, Derrick. Sikuweza kumpasua mtoto wangu.

Jana tulifungua tanuri. Alikuwa vipande vipande, na alikuwa amevunja vyungu vitatu vya wenzangu. Aluka aliokota vipande vyote.

Sikio moja limebaki zima. Nimelifunga kwa pamba, utalipata pamoja na barua hii. Ulitaka kujua alifanana na nani. Lipapase kwa kidole, kisha upapase lako.

Mama yake,
Amuge