Diski Uliyoondoka Nayo

Mume wangu Kazungu,

Sisi hapa Tudor wazima. Kadzo ameota jino, na akiiona feni anaiita baba.

Studio haiendi vizuri. Ulipochomoa moja ya zile diski mbili zilizohifadhi nakala sawa za kazi zetu ulisema, "Hii imekufa, Mbodze. Nimetia mpya, iache inakili kutoka kwa mwenzake." Nikaiacha. Sasa picha za harusi za watu zinafunguka nusu, nusu ya pili kijivu. Na ile video ya marehemu mama akimpa Kadzo jina inakatika kabla hajalitaja.

Nikamwita Winnie, yule fundi wa Buxton. Alipomaliza kupima akasema, "Dadangu, uliyoachiwa ndiyo mbovu, na mpya imenakili ubovu wake. Nzima kaenda nayo."

"Alikosea," nikamjibu.

"Haya, alikosea. Na studio aliyofungua Malindi na yule mwanamke, mbona ukutani pamejaa picha ulizopiga wewe?"

Nikamlipa, nikakaa kukuandikia.

Picha kaa nazo, Kazungu, na wateja pia. Video tu ndiyo naiomba. Najua utanitumia. Hata ukinikasirikia, baba Kadzo, tafadhali usiifute.

Mimi,
Mbodze