Ile Siku Yetu ya Baiskeli

Stellenbosch, Afrika Kusini,
Jumapili mchana

Mpenzi Baba Naserian,

Supa? Mimi ni mzima, ila nimekasirika, na nakuambia mapema usije ukadhani ni mwandiko tu umeharibika. Mko aje hapo Kitengela? Mvua imefika ama bado mnangoja gari la maji? Mguu wa mama yako, Yeyo wetu, umepona? Naserian bado anaficha viatu vya shule kila Jumatatu asubuhi?

Utajiuliza kwa nini nakuandikia barua na simu tunazo. Simu yako, tangu ianguke ndani ya ndoo ya maziwa, haisikiki bila spika, nawe pale dukani hukai peke yako hata dakika moja. Nikikuambia nina hamu na wewe, mteja aliyekuja kununua dawa ya kupe anacheka. Ndiyo maana nimempa barua hii Mutheu, tunayefanya naye usafi hapa kwenye nyumba ya wageni. Anakuja nyumbani likizo na atakupa mkononi. Isome peke yako. Ukishindwa kabisa, ingia chooni ufunge mlango.

Sasa turudi kwa ile siku. Unakuja mwezi ujao, siku kumi, baada ya miaka miwili. Katika hizo siku kumi mwenye nyumba amenipa moja tu ya kupumzika, Jumatano, na ametuazima ile baiskeli ya watu wawili ambayo wageni huzunguka nayo mashamba ya mizabibu. Nimeipanga hiyo Jumatano kwa wiki tatu. Mimi na Mutheu tumeijaribu barabara yote, na goti langu la kushoto halina ngozi hadi leo.

Tutatoka saa mbili asubuhi kabla jua halijawa kali. Hadi shamba la kwanza ni tambarare, mizabibu imepangwa mistari huku na huku. Hapo tutakula jibini ya maziwa ya mbuzi. Shamba la pili ndilo la kuonja mvinyo. Wewe uliyeokoka utapewa juisi ya zabibu, nimeshauliza, na utawaona watu wazima wakisukutua mvinyo mdomoni halafu wanautema kwenye ndoo. Utacheka mpaka mbavu ziume. Kisha kuna kilima kimoja kirefu, tule chakula chetu huko juu, na jioni tuteremke bila hata kukanyaga pedali.

Nilipokupigia kukueleza haya, sijafika hata kwenye kilima, nikasikia sauti ya mama yako.

"Hao wawili wanaenda wapi? Kwani mimi nitabaki na nani?"

Nawe ukadakia, "Ni kweli, Mama Naserian. Yeyo hajawahi panda ndege. Si tukuje na yeye?"

Kabla sijajibu, Lemayian naye, ambaye najua alikuwa ameegemea kaunta kana kwamba ameandikwa kazi hapo: "Shemeji, usijali! Mimi niko na baiskeli yangu. Nitawafuata tu nyuma!"

Halafu ukaongeza yako. "Sasa tukipita hayo maboma yote bila kuingia kusalimia, watu watatuonaje?"

Nikakuambia si maboma, ni mashamba ya mvinyo.

"Lakini si watu wanaishi huko? Na hiyo shamba ya pili tutoe, tuweke ya ng'ombe. Nataka kuona madume yao."

Nilikata simu. Haikuwa mtandao, nilikata mwenyewe.

Baba Naserian, mwaka wa kumi na mbili huu niko kwenu. Najua mtu na mtu wa rika lake hawaachani, na sina ubaya na Lemayian. Lakini tulipoenda fungate Naivasha, nani alikaa kiti cha mbele cha gari? Nani alikula samaki wangu? Nikajiambia nimeolewa Umaasaini, nitazoea. Sijazoea, na nimechoka kujifanya. Yeyo nampenda, alinipokea mimi binti wa Machakos kama aliyenizaa. Akitaka kuona huku aje mwaka mwingine, nitambeba hata mgongoni. Lakini si Jumatano hiyo.

Nisikilize sasa. Mkataba wangu unaisha. Mwenye nyumba anataka nitie sahihi miaka mingine miwili, na anataka jibu Alhamisi yake asubuhi. Sijui nimwambie nini. Juzi mlinituma picha ya Naserian na sikumtambua haraka, mtoto wangu mwenyewe, nikaingia stoo ya mashuka nikalia. Na bado kazi hii naipenda, hilo pia sijawahi kukuambia. Siwezi kukuuliza jambo kama hili kwa spika, wala Yeyo akiwa katikati yetu, maana mbele ya watu unanijibu kama chifu kwenye baraza.

Nataka jibu la yule mtu aliyenibeba kwa baiskeli kutoka Isinya, mimi nimekaa nyuma nimekumbatia mtungi wa maziwa. Unakumbuka? Uliniuliza kama nitakubali kuishi na wewe, na hukugeuka, kwa sababu uliona haya. Upepo ulikuwa mwingi, ikabidi uulize mara mbili.

Safari hii mimi ndiye nitakayekaa mbele, kwa sababu barabara naijua. Tukifika kile kilima nitakuuliza kama nirudi nyumbani ama nibaki. Sitageuka. Wewe kanyaga pedali unijibu.

Msalimie Yeyo, umwambie mafuta ya kuchua mguu nimempa Mutheu. Mguse Naserian kichwani kwa niaba yangu, na viatu vyake vitafute chini ya kitanda chetu. Lemayian, mtu wa rika lako, mwambie namsalimia sana na abaki akituchungia duka. Akinuna, mwambie baiskeli ina viti viwili. Nimevihesabu.

Wako wa kiti cha mbele,
Mwende